Jumba Lililokuja Kufuata Faili Lake

Simu ya mezani ililia wakati Muthama akichovya andazi kwenye chai, na kwa kuwa andazi likichelewa kutolewa huanguka kikombeni, aliiacha simu ilie kwanza. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la kijivu huko Upper Hill, katikati ya benki mbili zenye vioo vinavyomulika watu machoni. Mlangoni paliandikwa Idara ya Majumba Makuukuu. Chini ya maandishi hayo palibandikwa karatasi iliyosema: Mfumo umezima, jaribu kesho. Karatasi hiyo ilikuwa imezeeka kiasi kwamba nayo ilistahili kuhifadhiwa na idara.

"Hujambo, mwanangu," ilisema sauti ya upande wa pili. "Ni mimi Bwanaheri, mlinzi wa Forodha."

Muthama alimjua kwa sauti tu. Mzee Bwanaheri alilinda jumba kongwe lililosimama ufukweni, katika mji mdogo wa Pwani, na kila Jumatatu alipiga simu kuulizia faili la ukarabati. Jumba lilijengwa na tajiri mmoja wa pembe za ndovu, kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ili wake zake wawili wakae orofa tofauti na wasisikizane. Waliokuja na bendera yao walilifanya forodha, na jina likaganda. Baada ya forodha likawa jela. Baada ya jela likawa shule ya wasichana, kisha hoteli yenye dansi kila Jumamosi, kisha stoo ya masanduku ya kura, kisha popo wakahamia bila kuomba ruhusa ya mtu. Sasa paa lilikuwa limechoka, na ukuta wa upande wa bahari ulikuwa ukidondosha chokaa kama mgonjwa anayepukutika nywele.

"Masika yakilikuta hivi litalala chini," alisema Mzee Bwanaheri. "Linauliza mmefika wapi."

"Linauliza nani?"

"Jumba, mwanangu. Nikipita na tochi yangu linaniuliza. Nami sina jibu."

Muthama alilivuta faili. Lilikosa sahihi moja tu, ya Mkurugenzi. Bahati nzuri Mkurugenzi, Bwana Jeremy, ndiye aliyekuwa akipita kwenye ujia, viatu vyake vikilia kama vya mtu asiyewahi kupanga foleni.

"Bosi, ni Forodha tena. Jumba linauliza."

"Mambo ya simu hapana," alisema Bwana Jeremy bila kusimama. "Linauliza? Basi lije lenyewe. Nairobi si mbali."

Hilo lilikuwa jibu la idara kwa wote. Wajane waliitwa Nairobi, makadhi waliitwa Nairobi, mzee mmoja kutoka visiwani aliletwa kwa machela akaambiwa arudi Jumanne. Faili lisilofuatwa na mwenye shida halikusogea. Muthama alikuwa amelisema jibu hilo mara nyingi mno hata ulimi ulilitoa wenyewe.

"Mzee, wanasema lije lenyewe lifuate faili lake."



"Haya," alisema Mzee Bwanaheri. "Nitaliambia."

Jumba lilifika Alhamisi.

Lilikuja kwa barabara, likijiweka upande wa malori na kuwapisha wenye haraka. Njiani kwenye mizani liliambiwa limezidisha mzigo, basi likaacha ngazi zake hapo na kuendelea. Langoni pa idara lilimkuta askari Wesonga, mtu mwenye kofia kubwa na mashaka makubwa zaidi. Wesonga alilitazama kutoka paani hadi msingini, akaomba kitambulisho. Juu ya mlango wa nakshi palikuwa na jina la fundi na mwaka wa Kiislamu. Wesonga aliyanakili yote, polepole, akalionyesha jumba maegesho ya wageni, nalo likajaa mahali pa wageni, mahali pa wafanyakazi na sehemu ya benki ya jirani. Kisha akapanda ghorofani.

"Muthama, kuna nyumba hapo chini inakutafuta."

"Imetoka wapi?"

"Kosti. Na inatoa jasho, sijui kama ni mgonjwa."

Halikuwa jasho. Muthama aliposhuka alikuta maji yamejaa chini ya matao, yakipanda na kushuka, na kaa wawili wakipita chini ya gari la mhasibu. Bahari ilikuwa imekuja nalo. Si bahari yote, ni ile tu inayolihusu.

Muthama alikuwa mtu wa Machakos na kwao salamu ya shikamoo husikika redioni tu, lakini mbele ya uso ule wa chokaa neno lilimtoka lenyewe. "Shikamoo," alisema. Dirisha moja la juu lilifunguka, likafungwa taratibu. Alilichukua kuwa jibu.

Mkurugenzi alikuwa kwenye mkutano. Baada ya mkutano alikuwa chakulani. Baada ya chakula akatuma ujumbe kwamba mwombaji yeyote huambatanisha picha mbili za pasipoti, na kwamba aje kesho.

Basi wakashuka mjini, Muthama mbele na jumba nyuma, mpaka studio moja ya River Road ambako hupigwa picha ukisubiri. Mpiga picha aliweka kitambaa cheupe nyuma ya mlango, akaona hakitoshi. Akarudi nyuma hatua chache, akarudi tena, akavuka barabara, mwishowe akapiga akiwa amesimama Barabara ya Tom Mboya, kati ya muuza soksi na mhubiri.

"Masikio yote mawili yaonekane," alipaza sauti. "Na usicheke!"

Jumba lilifunga madirisha yake yote na kutulia. Picha zilitoka vizuri. Muthama alipotoka kulipia, askari wa maegesho walikuwa wamelifunga mnyororo wa magurudumu, ingawa halikuwa na gurudumu hata moja, na ilibidi wangoje mwenye ufunguo.

Jioni hiyo swali likawa malazi. Kila anayetoka mbali kufuata faili Nairobi hulala kwa mtu mmoja anayemjua, na jumba lilimjua Muthama. Alipanda nalo Barabara ya Ngong, akakata Naivasha Road, mpaka Riruta, kwenye nyumba za kupanga alikoishi na mkewe Syokimau na binti yao mdogo. Syokimau alikuwa akianua nguo.

"Umeleta mgeni bila hata kunipigia simu," alisema.

"Ni wa siku kidogo tu."

"Wote huwa wa siku kidogo. Kaka yako alikuja kwa interview, alienda akiwa na mke." Alilipima jumba kwa macho. "Na anakula nini?"

"Chokaa, nadhani."

"Chokaa hatuna," alisema Syokimau, akaingia kuongeza maji kwenye sufuria, kwa mazoea.

Kando ya nyumba zao kulikuwa na ploti tupu ya mwenye nyumba, Mzee Kinyanjui, iliyoota magugu na bango lililosema PLOTI HII HAIUZWI. Jumba liliinama kidogo kupita chini ya nyaya za stima, likaketi hapo. Ukuta wake wenye ugonjwa, ule wa bahari, uliangukia upande wa mlango wa Muthama. Kutoka kitandani aliweza kusikia punje za chokaa zikishuka. Binti yake alilala futi chache kutoka hapo. Tangu usiku huo alijua kwamba mvua za masika zikija kabla ya sahihi, zitakuja nyumbani kwake.

Asubuhi Mzee Kinyanjui alifika na gambuti miguuni na koti lake la kulishia ng'ombe. Alilizunguka jumba, akalipiga kibao ubavuni kama mtu anayenunua fahali sokoni.

"Muthama! Hii ni kitu gani iko kwa shamba yangu?"

"Ni mgeni wangu, Mzee."

"Mgeni wako, ploti yangu. Sawa." Macho yake yalihesabu madirisha. "Iko na vyumba ngapi?"

Kufikia mwisho wa wiki vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Kinyanjui hakuuliza historia ya chumba chochote, na kila chumba kiliendelea na historia yake. Ukumbi wa forodha ulipangwa na muuza mitumba aitwaye Wangu, na kila bale aliloshusha alilikuta limechorwa alama ya chaki na mkono ambao hakuuona, ishara kwamba limekaguliwa. Wateja walipenda. Saluni iliwekwa kwenye darasa la wasichana, na wanawake walioenda kusukwa walitoka na nywele nzuri, wakijua mito yote ya Ulaya kwa mpangilio. Chumba cha jela kilichukuliwa na kanisa. Mlango wake ulijifunga ibada ilipoanza na haukufunguka kabla haujaridhika, kwa hiyo mahubiri yalisikizwa mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Riruta. Pale palipokuwa na dansi, Kibe alifungua jimu, lakini watu wake walijikuta wakinyanyua vyuma wawili wawili, mkono kiunoni, na wakazoea.

Bahari ilijaa chini ya matao asubuhi na kujaa tena jioni. Siku ya kwanza, kwa kuwa mifereji ya mtaa ilikuwa mikavu kama kawaida, watu walipanga mitungi kutoka mlangoni hadi barabarani. Kisha mmoja akaonja.

"Iko na chumvi," alisema.

"Si nilijua," alisema mwingine. "Maji ya Nairobi yakipatikana lazima yawe na maneno."

Ciru, aliyeuza githeri ya mahindi na maharagwe kwenye kibanda cha pembeni, hakulalamika. Alipikia maji hayo na hakununua chumvi tena. Mwenye karwashi alijaribu pia, na magari aliyoosha yakaanza kutafunwa na kutu, akarudi kwenye maji ya kisima cha borehole.

Kila asubuhi Muthama alikwenda Upper Hill na jumba nyuma yake, wapangaji wakiwa ndani, kwa kuwa si haki kumhamisha mtu kila siku. Wesonga alilizoea. "Leo umeamkaje, nyumba?" aliuliza, akiandika tena jina la fundi na mwaka wa Kiislamu. Sahihi haikupatikana. Mfumo ulizima. Mfumo ulirudi, Mkurugenzi akawa Naivasha kwenye warsha ya uhifadhi. Mkurugenzi alirudi, kumbe picha za pasipoti zilitakiwa ziwe na mandhari ya bluu. Kila safari jumba liliacha kitu barabarani: kigae, kipande cha nakshi, mara moja balkoni nzima, ambayo mama mmoja wa Kawangware aliichukua akafugia kuku.

"Muthama," alisema Syokimau Jumamosi moja, akifagia chokaa kutoka blanketi la mtoto. "Mawingu hayo unayaona?"

"Nayaona."

"Huyu bosi wako ana nyumba?"

"Anakaa Spring Valley."

"Basi mpeleke mgeni huko. Mtu ukimkosa ofisini unamfuata kwake. Asipotia sahihi, angalau ukuta umwangukie yeye."

Jumapili baada ya ibada, kanisa lilipoachiliwa na mlango wake, walikwenda. Spring Valley ilikuwa kimya na kijani. Mama mmoja mwenye kofia ya jua alichungulia juu ya ua wa michongoma.

"Samahani," alisema, "hizi zitakuwa fleti?"

"Hapana, mama. Ni jumba la kale."

"Ah. Kama si fleti, karibuni sana."

Bwana Jeremy alikuwa kwenye nyasi zake, amevaa kaptura, akimwagilia waridi. Jumba lilisimama mbele yake. Muthama alitegemea hasira. Lakini ilikuwa saa ya maji kujaa, upepo wenye chumvi ukatoka mlangoni, ukapitia nyasini, ukainua kola ya Mkurugenzi. Alifunga mpira wa maji. Akaketi kwenye baraza ya jumba, akavua malapa, akaiweka miguu baharini.

"Upepo mtamu," alisema. "Na huu mmetoka nao kule kule?"

"Kule kule, bosi."

"Na kule kuna nini sasa?"

Muthama alifurahi kuulizwa. Tangu aajiriwe hakuwahi kuulizwa swali na Mkurugenzi. "Hakuna kitu, bosi. Ploti iko wazi. Mzee Bwanaheri tu, ameketi kwenye kiti chake."

"Karibu na maji?"

"Maji ndiyo yalikuwa ua."

Bwana Jeremy alitikisa kichwa, na aliendelea kukitikisa baada ya kuwa hakuna tena cha kukubali. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hilo faili."

Alitia sahihi pale pale, karatasi ikiwa imeegemezwa kwenye nguzo ya matumbawe, kwa kalamu ya Muthama, ambayo hakuirudisha. Madirisha yote ya jumba yalifunguka kwa mkupuo mmoja. Kwenye jimu la Kibe mtu alianza kucheza peke yake. Jioni hiyo Syokimau alichinja kuku, wakamla wao wenyewe, jumba wakalimwagia gunia la chokaa alilonunua Wangu, na Mzee Kinyanjui akatoa hotuba ambayo haikuwa na mwisho mpaka mtu alipomwongoza kwenye chumba cha jela akaimalizie huko.

Idhini ikishatiwa sahihi, kanuni ni kwamba jengo hukaguliwa lilipo kabla mafundi hawajatumwa. Safari hii Bwana Jeremy alisema atakwenda kukagua mwenyewe. Idara nzima ilimsifu. Alipanda ndege na utepe wa kupimia, kofia ya mkeka na rafiki yake mmoja mwenye mabasi. Alirudi amebabuka pua. Muthama aliitwa ofisini.

"Nimesikitika," alisema Bwana Jeremy. "Tumefika eneo la tukio. Jengo halikuonekana."

"Bosi, si liko hapo chini? Wesonga ameshaliandika."

"Idhini inasema ufukweni."

"Liko na ufuko wake. Bosi uliweka miguu."

"Bahari ya Riruta haiko kwenye ramani, Muthama. Serikali haiwezi kukarabati jengo ambalo haliko lilipo. Faili limefungwa. Kusema kweli, jumba linalojali urithi wake lingetulia mahali pake."

Muthama aliupiga ubao wa meza kwa kiganja. "Ni sisi tuliliita! Wewe uliliita! Ulisema lije lenyewe!"

Chai ya Mkurugenzi ilimwagika. Mkurugenzi aliitazama ikitambaa kuelekea ukingoni.

"Kuna barua ya kuliita?"

"Nilisema kwa simu."

"Mambo ya simu hapana," alisema Bwana Jeremy kwa upole. "Hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Tafadhali leta kitambaa."

Muthama alileta kitambaa. Alipokuwa akipangusa aliona, kando ya kalamu yake mwenyewe, mfano mdogo wa hoteli ya vioo, wenye minazi ya karatasi na bahari ya plastiki ya bluu. Aliuinua kidogo ili afute chini yake, akaurudisha ulipokuwa.

Jumatatu Mzee Bwanaheri alipiga simu. Wamekuja watu na mabati, alisema, wakazungushia ploti yote, hata kiti chake kikabaki ndani. Wameweka bango. Alimtuma mjukuu alipige picha, na Muthama akaiona kwenye simu yake: FORODHA, HOTELI YA KIFAHARI. ISHI NDANI YA HISTORIA.

"Basi jina wamelitaka," alisema Mzee Bwanaheri. "Mwenye jina ndiye hawamtaki. Mwambie kwa utaratibu, mwanangu. Ni mtu mzima yule."

Muthama alimwambia jioni, amesimama kwenye magugu, kofia mkononi. Alitafuta maneno mazuri akayakosa, akasema jinsi ilivyokuwa: kwamba faili limefungwa, kwamba kule kumezungushiwa mabati, kwamba jina limechukuliwa. Madirisha yalifungwa moja baada ya jingine, kutoka juu kuja chini, kama yalivyofungwa zamani meli ya mwisho ilipoondoka. Bahari ilitoka chini ya matao na ikachelewa kurudi. Ciru alingoja na sufuria yake mpaka giza likaingia.

Asubuhi walikuta jumba limegeuka, mlango ukielekea mashariki, kule lilikotoka. Mzee Kinyanjui alilalamika sana kwa sababu ilibidi ahamishe mita ya stima.

Mvua ilianza wiki hiyo hiyo. Ilianza kwa upole halafu ikaacha upole. Muthama alimhamisha mtoto akalala upande wa pili wa chumba, akakaa akisikiliza ukuta. Punje zilikuwa zimekuwa vipande. Palipopambazuka aligonga kwa Kinyanjui.

"Mzee, litaanguka, na sisi tuko chini yake. Nataka tulikarabati wenyewe. Chokaa ya Pwani, boriti za mikoko. Mzee Bwanaheri ataniambia kwa simu."

"Mikoko?" alisema Kinyanjui. "Wewe Muthama, unataka niende kukata miti baharini? Niko na jamaa wa simiti hapa Kabiria, anakuja leo."

"Mawe yale hayataki simiti, Mzee. Yakifunikwa nayo hayapumui."

"Nyumba inapumua? Hata mimi na pressure yangu napumua kidogo tu, na niko."

Hakuwa mtu mbaya. Alileta simiti yake, mabati yake na vijana wake wakati mvua ikinyesha, akapanda mwenyewe kwenye jukwaa la miti akiwa na gambuti, na jumba halikuanguka. Muthama alibeba ndoo pamoja nao. Hakuwa na la kufanya ila kubeba. Kila kipande cha ukuta kilichofunikwa, sauti moja ilikoma. Chaki haikuchora tena bale za Wangu. Wanawake walitoka saluni wakijua waliyoyajua walipoingia. Mlango wa kanisa ulianza kufunguka katikati ya mahubiri, na waumini wakawa wanatoka. Kampuni moja ya sabuni ilijitolea kulipaka rangi bure, rangi ya pinki kuanzia chini hadi juu, na picha ya mama anayecheka katikati ya povu. Mbele Kinyanjui aliandika kwa mkono wake: NYUMBA HII HAIUZWI.

Bahari ilipungua. Ilifika magotini, ikafika vifundoni, ikawa unyevu tu kwenye sakafu asubuhi, na harufu kidogo. Ciru akarudia kununua chumvi.

"Angalau mtoto amelala," alisema Syokimau.

"Amelala," alisema Muthama.

Kila jioni akitoka kazini alisimama mbele ya mlango wa nakshi, ambao rangi ya pinki ilikuwa imejaza mashimo yake yote, akasema shikamoo. Hapakuwa na dirisha lililofunguka. Aliendelea kusema hivyo hivyo, maana mtu mzima husalimiwa hata akiwa amenyamaza.

Masika yalipokwisha, Jumatatu moja, simu ya mezani ililia wakati Muthama akichovya andazi. Aliiacha ilie kwanza.

"Hujambo, mwanangu. Ni mimi Bwanaheri. Sasa wamenipa kulinda mnara wa taa, huku rasini. Taa yake inawaka vizuri, lakini umepata ufa kuanzia katikati. Unauliza mmefika wapi na faili lake."

Viatu vililia kwenye ujia. Muthama hakuinua kichwa.

"Nani huyo?" aliuliza Bwana Jeremy.

"Ni mnara wa taa wa rasini, bosi."

"Uje wenyewe," alisema Mkurugenzi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Muthama amjue, viatu vilisimama. "Hiyo rasi iko upande gani?"

"Sijui, bosi."

Viatu vikaenda zake. Muthama alingoja mlango wa mwisho ufungwe. Akaukinga mdomo wa simu kwa kiganja, akainama chini ya meza pamoja nayo.

"Mzee, nisikilize vizuri. Uambie mnara ukae. Usitoke hapo hata ukiitwa na nani. Hata mimi nikiuita, usije. Umenisikia?"



"Mwanangu," alisema Mzee Bwanaheri, "umekwisha ondoka. Mnara ulimwona mwenzake alivyoitwa, ukasema nao si mtu wa kungoja nyuma. Mimi nimekaa hapa na kiti changu kipya. Ila ndege za baharini nazo zimeufuata, sina hata wa kuzungumza naye."

Muthama alitoka chini ya meza. Nje ulikuwa mchana wa jua kali, lakini mwanga mweupe ulipita kwenye vioo vya benki ya kwanza, ukapita kwenye vya benki ya pili, ukaingia ofisini, ukamulika ile karatasi ya mlangoni, ukaendelea na mzunguko wake. Chini langoni alimsikia Wesonga akipaza sauti kuelekea juu sana, akiomba kitambulisho.

Andazi lilikuwa limeanguka kikombeni. Muthama aliinywa chai hivyo hivyo, akachukua faili jipya, akaandika jina, kisha akashuka kuueleza mnara mahali studio ilipo River Road, kwamba zinatakiwa picha mbili, na kwamba safari hii mandhari yawe ya bluu.